Zamu ya Alhamisi

Dorkas alianza na sofa. Alichukua kipande cha chaki ya kushonea, ile ya bluu anayowapimia watu suruali, akachora X kubwa mgongoni mwa sofa la watu watatu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili na kuitazama kazi yake kwa furaha isiyofichika.

"Hili linauzwa," alisema.

Elibariki, mumewe, alikuwa bado amesimama mlangoni na barua mkononi. Njiani kutoka kazini alikuwa ametunga maneno ya kumfariji mkewe, maana alijua kilio kitakuwa kikubwa. Barua ilikuwa fupi. Kampuni ya mkonge ya pale mjini Same aliyoitumikia kwa miaka kumi na minne, akitunza ghala lake, ilikuwa inabana matumizi. Kuanzia tarehe mosi angefanya kazi Jumatatu hadi Jumatano tu, kwa nusu ya mshahara. Laki tisa zilikuwa zimegeuka laki nne na nusu, kwa herufi safi na muhuri wa zambarau.

"Mama Careen, lakini umeisoma vizuri?"

"Mara mbili." Dorkas alikuwa ameshafika kwenye kabati la vyombo. X. "Wamekuachia siku nne kila wiki. Unajua tuna miaka kumi na saba kwenye ndoa na sijawahi kukuona Alhamisi mchana?"

"Wamechukua laki nne na nusu!"

"Na hizo laki nne na nusu zilikuwa zinakwenda wapi? Haya, nitajie wewe."

Akataja mwenyewe, akihesabu kwa vidole. Kodi ya nyumba yenye vigae na geti. Petroli ya kigari cha Vitz kinachompeleka mtu kazini mwendo wa dakika kumi na mbili. King'amuzi chenye chaneli mia wanachokitazamia taarifa ya habari tu. Fremu ya ushonaji sokoni, ambayo nusu ya anachoingiza humwendea mwenye fremu. Na michango ya harusi za watu ambao ukiwauliza jina la mtoto wako hawalijui. Hapo alikuwa anatembea chumba kizima, kanga imemlegea, macho yanamwaka. Elibariki alimtazama akajiuliza kama barua ile haijamvuruga akili.

Hakuwa amevurugwa. Mwanamke huyu alikuwa amechoka miaka mingi bila kupata wa kumwambia, na sasa kampuni ilikuwa imemsaidia kusema. Mpango ulikuwa kichwani mwake zamani. Wahamie milimani, juu ya kijiji cha Mwembe, kwenye nyumba ya marehemu baba yake Elibariki, anakoishi mama mkwe peke yake. Nyumba haina kodi. Cherehani haijali inazungukia wapi. Chini ya nyumba kuna nusu eka ya shamba, na shamba hilo lina zamu ya maji ya Alhamisi kutoka kwenye ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu, ambalo hujaa usiku na kufunguliwa alfajiri. Maharage, kabichi, nyanya. Wangekula vya hapo na kuuza vya kubaki.

"Laki nne na nusu ni ada ya Careen huko bweni, nauli yako ya kushuka kazini, chumvi na sabuni," alisema. "Na inabaki. Inabaki, Baba Careen! Ila maji yawepo. Bila ile zamu hatuna kitu."

"Zamu ipo," alisema Elibariki, na kwa mara ya kwanza siku ile akanyoosha mgongo. "Faini ya msaragambo natuma kila mwaka. Elfu kumi, pamoja na ya kutolea."

Maana kule milimani kila kaya hutoa mtu wa kuja kuchota tope la ndiva kabla ya mvua, na asiyekuja hulipa. Elibariki hakuwahi kwenda. Kwa miaka kumi na mmoja alituma pesa kwenye simu ya mama yake aipeleke kwenye kamati, na kila alipotuma alijisikia mtu mwema sana.

Dorkas alimsogelea, akamchorea X ndogo kwenye mfuko wa shati.

"Na hili?" aliuliza Elibariki.

"Hili nalifikiria."

*

Wiki mbili zilizofuata nyumba ilikuwa na msisimko wa kuhama ambao mmoja aliufurahia na mwingine aliuona aibu tupu. Agatha, jirani wa geti la pili, ndiye aliyekuja kulichukua friji.

"Jamani poleni," alisema, huku akilifungua na kuingiza kichwa ndani. "Kwani shemeji amefukuzwa?"

"Hajafukuzwa. Tunahama."

"Aaa. Sawa." Akalifunga. Friji walilolinunua laki sita akalipa laki mbili, kisha akaomba aongezewe na ile stabilaiza, halafu na ule waya mrefu. Elibariki alimbebea mpaka getini kwake. Kufikia jioni mtaa mzima ulishaambiwa kwamba ameiba ghalani. Alizisikia habari zake kwenye kiti cha kinyozi, upande mmoja wa kichwa ukiwa umenyolewa na mwingine bado, hivyo hakuweza hata kuondoka.

Alirudi nyumbani akiwa amenuna. "Wanasema mimi mwizi."

"Mwizi gani anauza friji lake mwenyewe?" Dorkas alicheka mpaka akaketi sakafuni, kwa kuwa viti vilishakwenda. "Kaa hapa. Ona sebule ilivyo kubwa! Tulikuwa na sebule kubwa hivi na hatujui."

Simu ikalia. Alikuwa Rodgers, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mfanyakazi mwenzao, akikumbushia ahadi ya laki mbili. Elibariki alianza kujikanyaga: mwezi huu, unajua, kuna mambo yameingiliana. Dorkas akamnyang'anya simu.

"Shemeji Rodgers, laki mbili haipo. Tunatoa elfu ishirini, na magauni ya wale watoto wa maua nashona mimi bure."

Elibariki alifumba macho, akisubiri jina lake lisomwe kwenye kundi la kamati watu wote waone.

"Shemeji," Rodgers alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "nikuambie ukweli? Hata mimi mwenyekiti ahadi yangu sijalipa. Hivi... elfu ishirini mtu anaruhusiwa?"

Hapo Elibariki alicheka. Lilikuwa cheko la kwanza tangu barua, na lilimtoka kwa nguvu hadi Rodgers naye akaambukizwa huko aliko. Usiku ule walikula makande kwenye sufuria moja, sakafuni, dirisha wazi na upepo wa Same ukipiga mapazia yenye X. Elibariki akaikwangua sufuria mpaka chini, halafu akasema kwamba ana miaka hajasikia ladha ya chakula.

*

Jumapili walipanda milimani kupeleka cherehani na magodoro. Bibi Ernesta, mama yake Elibariki, aliwapokea ameketi kwenye kigoda mlangoni, mguu mmoja ameunyoosha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Nisameheni siinuki. Goti hili limeamua kunizeesha."

Alikuwa na miaka sabini na mbili, mikono migumu na ulimi mwepesi. Alifurahi kwamba wanakuja, lakini alificha furaha yake kwa kuwagombeza: godoro limebebwa vibaya, kuni zimewekwa pabaya, mwanawe amenenepa upande mmoja. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na bati lililoshika kutu, nayo ilinukia moshi na ndizi mbivu. Dorkas alizunguka kila kona akipanga kwa sauti: hapa cherehani, karibu na mwanga, pale sare za shule zitaning'inia. Chini ya nyumba, matuta matatu ya maharage yalikuwa ya kijani kibichi kabisa, mwezi wa Septemba, wakati ng'ambo yote imekauka. Elibariki aliyaona akafurahi. Hakujiuliza maji yalitoka wapi, na wala hakuona kwamba sehemu iliyobaki ilikuwa magugu matupu, kwa sababu aliyekuwa akilima alikuwa na nguvu za matuta matatu tu.

Mzee Tumainieli, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, alipita kusalimia.

"Jumamosi ni msaragambo," alisema baada ya shikamoo na habari za safari. "Mwaka huu faini tumeifuta. Tope ni jingi, na kuna kaya tisa zinasubiri zamu. Mtu wa kaya aje mwenyewe. Saa sita juu ya alama nasoma majina. Kaya isiyojibu, zamu yake inakwenda kwa mwingine siku ileile."

"Mzee, sisi hatuna neno," alisema Elibariki. "Kwa miaka yote mimi hulipa. Mama ni shahidi, pesa inapitia kwake."

"Hulipa?" Mzee alimgeukia Bibi Ernesta. Bibi Ernesta alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na ghafla yakawa na mawe mengi sana.

"Kila mwaka!"

"Haya. Jumamosi basi," alisema mzee, akashuka njia akikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Sasa Elibariki alikuwa na tatizo moja dogo. Muhidin, mnunuzi wa Vitz kutoka Moshi, alikuwa na nafasi siku moja tu, nayo ni Jumamosi hiyohiyo. Miaka kumi na minne ya ghala ilikuwa imemfundisha kwamba kila kazi ina mtu wa kulipwa aifanye. Alimtafuta kijana wa kijijini anayeitwa Faraja, hodari wa jembe, akampa elfu kumi na tano aende msaragambo badala yake. Aliona amefanya jambo la maana, hata ameongeza elfu tano juu ya faini ya zamani.

"Ya Jumamosi nimeshaipanga," alimwambia mkewe. Dorkas alikuwa anakunja vitambaa vya fremu, na hakuuliza imepangwaje.

*

Jumamosi saa nne kasorobo, nje ya geti la nyumba yao ya Same, gari lilikuwa limeoshwa likang'aa. Muhidin hajafika. Simu ikalia, na Elibariki akaweka spika.

"Elibariki." Sauti ya mama yake ilikuwa inahema. "Yule kijana wako karudishwa. Tumainieli kamwambia msaragambo hauna kibarua. Pesa yako anayo, anasema atakurudishia."

"Mama, uko wapi? Mbona unahema?"

"Niko njiani," alisema mama, na simu ikakatika.

Dorkas alikuwa ameshika mzigo wa vitambaa. Aliuachia hapohapo vumbini.

"Umetuma kibarua?"

"Nilidhani..."

"Umetuma kibarua, Baba Careen! Friji limekwenda, fremu nimerudisha, nyumba tunakabidhi kesho! Tumeuza kila kitu tukanywe maji ya ile zamu, na wewe umetuma kibarua!" Hakulia. Alifungua mlango wa gari. "Ingia. Endesha."

Aliendesha. Vumbi la barabara ya Mwembe halikupata kuona Vitz ikienda namna ile. Muhidin alipiga simu akisema ameingia Same, yuko njia panda, gari liko wapi. Dorkas ndiye aliyepokea.

"Lifuate Mwembe, kaka. Utaliona tu."

Walifika Mwembe saa tano na dakika kumi. Kutoka pale njia ya kupanda haikuwa ya Vitz. Bodaboda zote zilikuwa zimekwenda gulioni. Elibariki alizima gari, akamkabidhi funguo mama wa dukani, na akageuka akamkuta mkewe anachora X kubwa kwenye kioo cha mbele.

"Limekwenda," alisema Dorkas. "Kimbia!"

Wakakimbia. Mtu wa miaka arobaini na sita aliyezoea kiti cha ghala, na mwanamke aliyevua viatu akavishika mkononi. Walipita migombani, wakaruka mfereji, watoto wakawashangilia bila kujua wanashangilia nini. Mapafu ya Elibariki yalikuwa yanawaka, mkanda wa suruali umemkata tumbo. Na katikati ya ule mwinuko mkali aligundua kitu cha ajabu: alikuwa na furaha. Hofu alikuwa nayo, aibu pia, lakini mguu wake ulikuwa unaukumbuka mlima ule jiwe kwa jiwe.

"Saa ngapi?" alipiga kelele.

"Kimbia, usiulize!"

*

Ndiva ilikuwa imetolewa maji yote. Ndani yake watu kama hamsini walikuwa wamezama magotini, wanaume kwa majembe, wanawake kwa makarai, tope likipita mkono hadi mkono mpaka kingoni. Waliowaona wawili wale wakitokea juu ya kingo, Elibariki na shati lake jeupe na viatu vya ngozi, walisimamisha kazi.

"Bosi amefika!" mmoja akapiga kelele. "Jamani, mleteeni kiti!"

Kicheko kilizunguka ndiva nzima. Elibariki hakukisikia vizuri, kwa kuwa alikuwa amemwona mtu. Katikati ya mstari, mguu mmoja mgumu umekita kwenye tope, kanga imekunjwa kiunoni, alisimama mama yake na karai kichwani.

Aliingia na viatu vyake. Kimoja kilibaki kwenye tope hatua ya pili na hakukirudia.

"Mama! Mama, unafanya nini humu?"

"Ninachofanya kila mwaka," alisema Bibi Ernesta. "Shika karai, nimechoka."

"Kila mwaka? Na ile faini?"

Aliyejibu alikuwa Mzee Tumainieli, kutoka kingoni, na wote walisikia. "Faini gani? Kaya hii haijawahi kulipa faini tangu ndiva hii nikabidhiwe. Mama yako hajakosa mwaka hata mmoja."

Elibariki alibaki ameshika karai, tope likimchuruzika kwenye shati. Miaka kumi na mmoja. Alijaribu kumwona mama yake akiwa na sitini na moja, sitini na tano, sabini, pale pale aliposimama sasa, wakati yeye amekaa ofisini anabonyeza namba ya siri na kujisifu. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mikono ilikuwa na tope hakuweza kuyafuta.

"Utalia au utachota?" aliuliza mama yake. Dorkas alikuwa ameshampita, karai lake la kwanza limefika kingoni.

Alichota. Aliinama akachota kwa hasira na kwa raha mpaka wale waliomcheka wakaanza kumhesabia kwa sauti, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, na kijana Faraja, aliyekuwa amebaki kutazama kwenye kingo, akampigia mluzi. Saa sita Mzee Tumainieli alifungua daftari na kuanza kusoma. Kila jina lilipotajwa, sauti ilijibu kutoka kwenye tope. Elibariki alisubiri kusikia lake.

"Kaya ya Ernesta."

Bibi Ernesta alikuwa ameketi kingoni anasugua goti. Hakujibu. Alikuwa anamtazama mwanawe.

"Kaya ya Ernesta!"

"Ipo!" Elibariki alipiga ukelele uliorudi kutoka upande wa pili wa bonde. "Ipo, mzee! Ipo!"

"Nimesikia, usinitoboe masikio," alisema Mzee Tumainieli, akaandika. "Alhamisi."

*

Muhidin alilichukua gari Mwembe akakata laki mbili kwa ajili ya vumbi na ile chaki, ambayo alidai haitoki. Dorkas hakubishana. Siku ya Jumatano jioni Elibariki alipanda kutoka kazini kwa miguu tangu Mwembe, na Alhamisi alfajiri wote watatu walikuwa shambani. Magugu yalikuwa yamekwisha ng'olewa, matuta kumi na manne yamenyooka, makavu, yanasubiri. Bibi Ernesta alikaa kwenye kigoda chake kichwani mwa shamba, akiamuru.

"Mama," alisema Elibariki, ameegemea jembe, "zile pesa ulizifanyia nini?"

"Zipi?"

"Za faini. Laki na elfu kumi."

"Nimezinywea chai. Sukari imepanda sana."

Dorkas aliangua kicheko. Elibariki naye alicheka, lakini bado kulikuwa na swali alilolibeba tangu Jumamosi.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unaingia mwenyewe kwenye tope? Kwa nini, Mama?"

Bibi Ernesta alilinyoosha goti lake, bila hasira.

"Ningekuambia," alisema, "ungetuma elfu ishirini."

Ilikuwa kweli kabisa, na Elibariki alijua. Ndipo kutoka juu, nyuma ya migomba, wakausikia mfereji. Kwanza mchakacho wa majani makavu yakisukumwa, halafu sauti nene ya maji yenyewe. Dorkas alipiga kigelegele, akarusha kanga begani.

"Yanakuja! Baba Careen, yanakuja!"

"Umesimama nini?" Bibi Ernesta alimpigia mwanawe kelele, akijisahau akainuka kwenye kigoda na goti lake bovu. "Fungua tuta la kwanza! Fungua!"

Elibariki akakimbia peku na jembe lake, akayakuta maji yamekwisha fika.